Mbona kwenye tamthilia kesi inaisha ndani ya wiki?

Tangu ianze kuonyeshwa ile tamthilia ya mama mwendesha mashtaka anayewasaka wahalifu wa kivita, barua za safu hii zimebadilika. Zamani mlikuwa mnaniuliza nani atamwoa nani. Siku hizi mnaniuliza sheria. Bahati nzuri, kabla ya kukabidhiwa habari za runinga nilikuwa mwandishi wa habari za mahakamani, na gazeti langu lilikuwa likinituma kwenye ile mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Arusha kwa ajili ya kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda. Kwa hiyo leo, kwa mara moja, mnaniuliza kitu ninachokijua.

Yule mama anaingia usiku nyumbani kwa jenerali, anaondoka na faili, na kipindi kinachofuata jenerali yuko kizimbani. Hivi mahakama hizi zina polisi wao? Na mwendesha mashtaka anaruhusiwa kufanya vile? (Mwalimu wa sekondari)

Polisi hawana, Mwalimu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, iliyoko The Hague, hutoa hati ya kukamatwa kisha hukaa ikisubiri serikali fulani ikubali kumshika mtu. Félicien Kabuga, mfanyabiashara aliyeshtakiwa kufadhili mauaji ya Rwanda, alijificha kwa zaidi ya miaka 20, hadi Mei 2020 alipokutwa kwenye nyumba ya ghorofa huko Asnières-sur-Seine, kando ya Paris. Kesi yake, iliyokuwa mbele ya chombo cha Umoja wa Mataifa kilichorithi kazi za mahakama ya Arusha, si ICC, ilianza Septemba 2022 akiwa mzee sana, na mwaka uliofuata ikasimamishwa kwa sababu afya ya akili yake haikumwezesha tena kuifuatilia. Kwa upande mwingine yuko Bosco Ntaganda, kiongozi wa waasi wa Congo aliyekuwa akisakwa na ICC, ambaye Machi 2013 alijipeleka mwenyewe kwenye ubalozi wa Marekani mjini Kigali, akaomba asafirishwe hadi The Hague. Mwandishi wa tamthilia akileta tukio kama hilo, mtayarishaji atamwambia alifute, watazamaji hawatalisadiki.

Sasa lile faili. Ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za mtu majaji wanaweza kuukataa, lakini hata lingekuwa limepatikana kihalali, mambo yasingekwenda mbio vile. Kitu ambacho tamthilia hizi hukikwepa kuliko vyote ni kwamba mwendesha mashtaka analazimika kuupa utetezi chochote alichonacho kinachoweza kumsaidia mshtakiwa. Ndiyo, kumsaidia! Katika kesi ya kwanza kabisa ya ICC, ya Thomas Lubanga, aliyeshtakiwa kwa kuwatumia watoto wa chini ya miaka 15 vitani, upande wa mashtaka ulikuwa na nyaraka zaidi ya 200 ulizopewa kwa ahadi ya usiri, nyingi zikitoka Umoja wa Mataifa. Ukasema hauwezi kuzitoa. Juni 2008, kesi ikiwa karibu kuanza, majaji wakaisimamisha, na mwezi uliofuata hata wakaamuru Lubanga aachiwe. Hakutoka, kwa sababu rufaa ilikatwa, kisha nyaraka zikapatikana na kesi ikaanza Januari 2009. Alipelekwa The Hague Machi 2006, akatiwa hatiani Machi 2012, akapewa miaka 14. Huyo ni mtu mmoja, na shtaka lenyewe lilikuwa la aina moja.

Ukitaka kesi kubwa, chukua ile ya Arusha ya Kanali Théoneste Bagosora wa jeshi la Rwanda na maofisa wenzake watatu. Bagosora alikamatwa Cameroon mwaka 1996. Kesi ilianza Aprili 2002, hukumu ikatoka Desemba 2008, baada ya siku 408 za kusikilizwa na mashahidi 242. Rufaa ikaisha 2011, kifungo cha maisha kikapunguzwa kuwa miaka 35. Tulioanza kuiandika kesi ile tukiwa vijana tuliimaliza tukiwa na miwani.

Mbona hakuna wale raia 12 wa kuamua hatia kama kwenye filamu za Kimarekani? Na kwa nini muuaji wa maelfu hanyongwi? (Msomaji, kwa ujumbe mfupi)

Wanaoamua ni majaji peke yao, kwa kawaida watatu. ICC hainyongi: adhabu ya juu ni miaka 30, au maisha ikiwa uhalifu ni mzito mno. Walionyonga ni Nuremberg, mahakama ya viongozi wa Kinazi wa Ujerumani, ambako mwaka 1946 watu 12 walihukumiwa kifo. Watu huwakumbuka hao, wakawasahau watatu walioachiwa huru siku hiyohiyo na mahakama hiyohiyo.

Mimi ni muuguzi, na kile kipindi cha shahidi kilinishinda. Wakili anamfokea, yule mama anavunjika, anasema yote ndani ya dakika kumi, ukumbi mzima unalia. Huwa hivyo kweli?

Dada yangu, kama kuna mahali waandishi wa tamthilia hizi wanakosea, ni hapo. Mbio nawasamehe, maana nani atakaa atazame siku 408?

Kwanza, hakuna anayeweza kufoka kwa raha yake. Arusha, sisi wasikilizaji tulikuwa nyuma ya kioo, tumevaa hedifoni, unachagua chaneli ya lugha yako. Miaka ya mwanzo swali la Kiingereza lilipitia Kifaransa ndipo lifike Kinyarwanda, na jibu lilirudi kwa njia hiyohiyo. Wakili anauliza, anasubiri, shahidi anajibu, anasubiri tena. Hasira ya wakili ikifika kwa shahidi imeshapoa, imekuwa sauti tulivu ya mkalimani. Na asiposubiri, jaji anamkatiza: taratibu, wakalimani wamebaki nyuma. Shahidi anayelindwa humwoni. Anaitwa kwa herufi, amekaa nyuma ya pazia, na maswali yakikaribia kumtambulisha, mapazia yanavutwa kwenye kioo chote na hedifoni zinakatika. Unabaki unatazama kitambaa, hujui kama ni kwa dakika tano au hadi jioni.

Pili, maswali yenyewe. Namkumbuka mama mmoja mkulima akiulizwa ni mita ngapi kutoka kizuizi cha barabarani hadi alipokuwa amejificha. Akasema mita hazijui. Wakili akarudia swali. Jaji akamwomba alinganishe na kitu cha hapo, akasema ni kama kutoka alipokaa hadi nje kwenye magari. Basi ikawa kazi ya kukubaliana magari yako umbali gani, na maelezo aliyowapa wapelelezi miaka kadhaa nyuma yalisema nini, na kwa nini pale iliandikwa mtaro na leo anasema migomba. Tulikaa kwenye umbali ule hadi mapumziko. Familia yake haikutajwa hata kidogo kabla ya chai. Hakulia. Alikuwa amekasirika, na nilimwelewa.

Msidhani nawalaumu mawakili. Umbali ule ndio uliokuwa unaamua kama alimwona mshtakiwa au alimsikia tu akitajwa.

Tatu, mambo mazito hujitokeza pasipotarajiwa, si pale mwandishi alipoyapanga. Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa wilaya ya Taba, alifikishwa mahakamani kwa hati ya mashtaka isiyotaja ubakaji popote. Mapema 1997 shahidi aliyeitwa J alikuwa akieleza mambo mengine, akataja alichofanyiwa binti yake wa miaka sita. Jaji Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, mwanamke pekee kati ya majaji wale watatu, hakuliacha lipite, akauliza zaidi. Wakaja mashahidi wengine, Juni mwaka huo hati ikarekebishwa, na tarehe 2 Septemba 1998 mahakama ya kimataifa kwa mara ya kwanza ikamtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya mauaji hayo. Shahidi J hakuwa na hotuba wala muziki wa vinanda.

Na wakati mwingine mambo hugeuka. Shahidi wa kwanza kabisa wa kesi ya Lubanga, kijana aliyeitwa kama mtoto aliyekuwa askari, alieleza asubuhi jinsi alivyochukuliwa, na siku hiyohiyo akageuka akasema si kweli, alifundishwa la kusema. Wiki mbili baadaye akarudi akatoa ushahidi tena. Mwishoni majaji waliukosoa vikali upande wa mashtaka kwa kuwategemea mno watu wa kati waliowatafuta mashahidi, wala hawakuutegemea ushahidi wa kijana yule. Kwenye tamthilia, shahidi akishalia kazi yake imekwisha, kamera inamrudia mwendesha mashtaka akiwa dirishani na glasi yake. Hilo ndilo linaloniudhi. Hadithi anakuwa nayo yule mwenye joho.

Naweza kuitazama na watoto? (Baba wa watatu)

Wa sekondari, ndiyo, ukiwa umekaa nao. Wadogo, hapana.

Shikamoo Mzee. Mimi nasoma sheria mwaka wa pili. Yule wakili wa utetezi wamemfanya mtu wa pesa, hana hata haya. Nataka kujua: unamteteaje mtu kama yule? Na ungepewa wewe uandike tamthilia, ungeandika nini? (Kijana)

Marahaba, kijana wangu. Unamtetea kwa sababu hujui bado kama ndiye. Mahakama ya Arusha ilishtaki watu 93; waliohukumiwa vifungo ni 62, na 14 wakaonekana hawana hatia. Jenerali mmoja, Gratien Kabiligi, aliyekuwa kizimbani pamoja na Bagosora, alikuwa mmoja wa hao 14. Bila wakili msumbufu, majaji wangejuaje tofauti? Chuoni watakwambia hivyo kwa Kilatini.

Swali lako la pili limenifurahisha, maana jibu ninalo siku nyingi. Ningeanzia pale tamthilia zote zinapoishia, baada ya nyundo. Baadhi ya walioachiwa huru, na wengine waliomaliza vifungo vyao, hawakuwa na pa kwenda. Rwanda waliogopa kurudi, na nchi nyingine ziliwakataa. Wakabaki Arusha, kwenye nyumba waliyowekwa chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa, mwaka baada ya mwaka, mahakama yenyewe ikafunga milango mwisho wa 2015 wao wakiwa bado wapo. Wengine walikuwa mawaziri zamani. Nani anapika, nani anamnunia nani, nani anaandika barua za kuomba hifadhi na kusubiri majibu? Desemba 2021 wanane kati yao walipelekwa Niger, iliyokuwa imekubali kuwapokea. Kabla mwezi huo haujaisha, Niger ikatoa amri waondoke nchini. Wakabaki Niamey, kwenye nyumba nyingine, hati zao za utambulisho zimechukuliwa.

Msimu wa kwanza ungekuwa wa Arusha, wa pili Niamey. Mtayarishaji akipatikana, mwambie aniandikie kupitia safu hii.