Mwanangu, kuhusu Calumet

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Ngong. Sisi hatujambo, magoti tu ndiyo yananisumbua. Umeniuliza: lile shamba la Calumet hapo Lexington, lenye ua mweupe unaloliona ukienda kazini, lilifilisikaje ilhali lilikuwa na farasi bora Marekani nzima? Umemuuliza saisi mstaafu, basi vumilia.

Mwanzilishi wake, mwaka 1924, ni William Wright, tajiri wa baking powder ya Calumet. Yeye alipenda farasi wa kukokota vigari vya mbio. Mwanawe Warren aliporithi, akageukia farasi wa kupandwa na joki. Mwaka 1936 alinunua Bull Lea kwa dola 14,000, na dume huyo akazaa mabingwa. Mmoja ni Citation, aliyetwaa mataji matatu makuu ya mbio za farasi Marekani, yaani Derby, Preakness na Belmont, mwaka 1948, kisha 1951 akawa farasi wa kwanza kufikisha zawadi za dola milioni moja.

Mimi lakini nampenda Whirlaway. Mbio alikuwa nazo, ila akifika kwenye kona anatoka nje kama matatu iliyokatika breki. Mkufunzi Ben Jones akamvisha kinga ya macho: jicho la kulia akaliziba, la kushoto akaliachia nafasi auone ua wa ndani. Kisha Jones mwenyewe akapanda farasi, akasimama karibu na ua, akaacha upenyo mwembamba, akamwambia joki Eddie Arcaro ampitishe Whirlaway hapo. Akapita! Mwaka huo, 1941, alishinda Derby kwa urefu wa farasi wanane na kutwaa mataji yote matatu. Huo ndio ukufunzi.

Kwa jumla Calumet ilishinda Derby mara 8.

Warren alifariki 1950, mjane wake 1982, na usukani ukashikwa na J. T. Lundy, mume wa mjukuu wao. Hapo ndipo madeni yalipopanda, mengi yakiegemezwa kwa dume mmoja, Alydar. Farasi wa mbio hizi za joki haruhusiwi kuzalishwa kwa sindano kama ng'ombe wetu. Lazima dume apande mwenyewe, na wenye majike hulipia. Akifa, pesa imekatika siku hiyo hiyo. Novemba 1990 alikutwa bandani mguu wa nyuma umevunjika. Alipasuliwa, ukavunjika tena, ikabidi auawe. Kama ilikuwa ajali, watu wanabishana hadi leo. Kwangu mimi, benki zilizokopesha juu ya miguu minne ya mnyama zilitaka nini?

Shamba lilifilisika 1991, likapigwa mnada 1992 kwa dola milioni 17. Lundy baadaye alitiwa hatiani kwa kulaghai benki.

Usidhani limekufa, lakini. Oxbow wao alishinda Preakness 2013. Na Rich Strike, aliyeshinda Derby 2022 bila kutarajiwa na yeyote, alizaliwa kwao. Walimwachia kwa dola 30,000 tu. Hapo nilicheka mpaka mama yako akaja kuuliza kulikoni.

Wasalimie watoto.

Baba yako