Maswali na Majibu: Kupanga mipangilio ya simu na programu

Swali: Mwanangu, maandishi ya simu yangu ni madogo mno. Mjukuu alinionyesha pa kuyakuza, nikasahau. Kila nikiingia kwenye mipangilio napotea. (Mwalimu mstaafu, Chumbageni)

Jibu: Shikamoo mwalimu. Usihangaike kukariri njia, maana kila kampuni ya simu hupanga kivyake, na simu ikisasishwa vitu huhama. Fungua Mipangilio, gusa sehemu ya kutafutia iliyo juu, andika "fonti". Kama simu iko kwa Kiingereza, badili lugha kwanza.

Swali: Nauza samaki soko la Deep Sea, hapa Tanga. Kutwa nawasha na kuzima data bando lisiishe, na alfajiri nataka tochi. Hakuna njia ya mkato?

Jibu: Ipo, dada. Kwenye simu nyingi za Android, vuta kutoka juu ya kioo kwa vidole viwili mpaka vitufe vyote vitokee. Gusa alama ya kalamu. Simu nyingine huificha ndani ya vitone vitatu. Kisha shikilia Data, uiburute hadi mwanzo kabisa, na Tochi vilevile. Vitufe vya mwanzo huonekana ukivuta mara moja tu, hivyo hata mkono mmoja ukiwa na magamba, wa pili unatosha.

Swali: Shikamoo kaka. Nimetengeneza programu ya mauzo ya maduka. Mipangilio imefika 40, yote ukurasa mmoja, na wateja wanalalamika. Nikiipanga kwa alfabeti itasaidia? (Mwanafunzi, Ngamiani)

Jibu: Marahaba. Alfabeti humsaidia anayejua jina la anachokitafuta, na mwenye duka hajui kwamba wewe umekiita "Usanidi wa printa". Anachojua ni kwamba risiti inatoka imekatwa pembeni. Basi fuata kazi zake: Risiti, Bei, Bidhaa, Wauzaji. Ndani ya Risiti weka jina la duka, idadi ya nakala, na upana wa karatasi, milimita 58 au 80.

Ila kabla ya kupanga, punguza. Mengi uliyomwachia mteja aamue ungeweza kuyaamua wewe: sarafu iwe shilingi, tarehe ianze na siku. Yanayoguswa kwa nadra yaingie ukurasa wa ndani. Na nakusihi, "Futa mauzo yote" isikae karibu na "Chapa". Kidole kikiteleza, hesabu za mwaka mzima zimekwenda.

Jambo moja pia lisiwe na makao mawili. Mwaka 2012 Microsoft walileta mipangilio mipya kwenye Windows 8 huku ile ya zamani ikibaki, watu wakawa wanafungua huku, kumbe wanachokitaka kiko kule.

Ukimaliza, mkabidhi muuzaji, mwambie abadili jina la duka kwenye risiti, nawe ukae kimya umtazame. Pale atakaposita ndipo pa kurekebisha.

Swali: Nikiweka upya mipangilio, picha zitafutika? (Raskazone)

Jibu: Ukiweka upya ya mtandao, utapoteza nywila za Wi-Fi, picha zitabaki. "Futa data yote" ndiyo husafisha simu nzima, kwa hiyo soma maneno yaliyo kwenye kitufe kabla hujagusa.