Wamekurudishia? Hata mimi walinirudishia

Juzi usiku mwalimu mmoja wa Kyaka II, makazi ya wakimbizi hapa Uganda, aliniandikia: "Madamu, maelezo ya mada niliyotaka kuwasilisha kwenye mkutano wa walimu wa Kiingereza yamekataliwa. Niache tu?" Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana kidonda changu mwenyewe hakijakauka vizuri.

Mimi nilikataliwa mara mbili. Mara ya kwanza nilijaza maneno mazito ya vitabuni ambayo hata mimi sikuyaelewa yote. Mara ya pili nikaeleza jinsi walimu wa Uganda nzima wanavyopaswa kufundisha. Nani aliniuliza? Niko Nakivale, makazi mengine ya wakimbizi, na darasa la watoto tisini na kitu, nawapangia kazi walimu wa nchi nzima!

Mara ya tatu nilikuwa nimechoka, nikaandika kilichokuwa kinaniudhi. Wanafunzi wangu walikuwa wakisema "he" kwa mama na "she" kwa baba. Miaka yote niliwaona wavivu, nikamwaga wino mwekundu. Hadi siku moja nikamwambia jirani, "Yeye amekuja jana," naye akaniuliza, "Yeye nani, bwana au bibi?" Nikasimama hapo hapo. Kiswahili hakijali kama ni mwanamume au mwanamke. Runyankole haijali, Luganda haijali, Kinyarwanda hivyo hivyo. Mtoto anaambiwa achague kitu ambacho lugha yake haijawahi kumwomba achague. Nikaweka kalamu chini, nikachora familia kwenye maboksi: kabla ya kutaja mtu, gusa picha yake, ndipo useme. Makosa yalipungua. Hayakuisha, na niliandika hivyo pia. Wakanikubalia.

Siku yenyewe ya mkutano nisiifiche. Nauli ya kwenda Kampala ilikuwa ya mkopo. Umeme ukakatika, slaidi zangu zikabaki ndani ya kompyuta, nikainua maboksi yangu mbele ya watu kumi na wawili. Mwalimu mmoja wa shule ya karo kubwa akauliza, "Huko kambini mnafundisha Kiingereza cha wapi?" Wakacheka. (Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lipitishe Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, wanaocheka lafudhi yetu wamepungua kidogo. Kidogo.) Nilijibu kwa adabu, usiku nikalia. Leo ningemwambia: cha watoto watakaokalia PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ule ule wanaokalia wanafunzi wako.

Ila mlangoni walimu wawili waliniomba maboksi wayapige picha. Kundi letu la WhatsApp lilianzia hapo, sasa tuko kumi na mmoja. Hatutumiani salamu za asubuhi zenye maua. Mtu analeta kosa moja la darasani, tunalichambua.

Kwa hiyo, mwalimu wangu, andika jambo moja. Jambo moja lililotokea darasani kwako, siyo Afrika nzima. Ukimaliza, punguza, libaki hilo moja.

Na hapa niseme na sisi sote. Tunapenda mikutano kwa ajili ya posho na soda. Cheti kinafungwa kwenye plastiki, kinaning'inizwa ukutani, na Jumatatu tunafundisha kama Ijumaa. Wengine wanaota mkutano wa IATEFL, chama cha kimataifa cha walimu wa Kiingereza chenye makao Uingereza, na hata mwenzao wa darasa la jirani hawajawahi kumwuliza anafundishaje. IATEFL ipo tangu 1967, itakungoja. Mtaala wetu wa shule za msingi wa 2007 unataka watoto wasome kwa lugha ya mahali hadi darasa la tatu, la nne wavuke kwenda Kiingereza; sasa mwalimu wa la nne asipoongea na wa la tatu, atamvusha nani? Tuongee jamani! Bila posho, chini ya mwembe, tuongee.

Wewe wa Kyaka II, uliniambia una msichana anayesema "I hear a bad smell", kwa sababu kwetu harufu husikika. Hilo hukuliandika popote kwenye kurasa zako mbili. Liweke mstari wa kwanza, unitumie kabla ya Jumapili.