Gabapentini na goti la mama: niliyoyaona kwenye unyayo wa panya

Ndugu yangu, umesema bi mkubwa ana sukari, kapewa gabapentini kwa miguu inayomwaka moto usiku, na goti limemvimba miaka sasa. Umesoma kuwa dawa hiyo imepunguza uvimbe kwa panya, basi unataka aache diklofenaki, dawa yake ya maumivu na uvimbe, na gabapentini iongezwe, ifanye kazi zote mbili. Nakuomba usimbadilishie kitu kwanza. Kazi hiyo ya panya nimeifanya kwa mikono yangu nilipokuwa nasoma bara.

Panya hupigwa sindano chini ya unyayo wa mguu wa nyuma, mililita 0.1 ya karaginani ya asilimia 1. Karaginani ni ute unaotolewa kwenye mwani mwekundu, jamaa wa huu wanaoufunga kinamama wa Paje na Jambiani, huku Unguja, maji yakikupwa. Mama yangu ni mkulima wa mwani. Siku nilipomweleza alinyamaza, akatazama viganja vyake, akaniuliza: "Na sisi tunaoushika kila siku je?" Nikamtoa hofu, kuushika si sawa na kupigwa sindano yake.

Baada ya saa moja unyayo unakuwa mwekundu, una moto. Ikifika saa ya tatu au ya nne vidole vimetanuka, havikunjiki. Tunachora mstari wa wino kwenye kifundo, tunautumbukiza mguu majini mpaka kwenye mstari, tunasoma maji yamepanda kiasi gani. Wino ukififia, au akibadilika anayemshika panya, hesabu imeharibika. Kuna siku tulitupa vipimo vya asubuhi nzima kwa ajili hiyo.

Sasa tazama hapa. Kundi moja hupewa maji ya chumvi, jingine diklofenaki, jingine gabapentini, na kwa kawaida dawa hutangulia sindano kwa nusu saa au saa nzima. Tunapima kama dawa inazuia uvimbe ambao bado haujaanza, na tunaufuatilia kwa saa chache tu. Goti la bi mkubwa limevimba miaka. Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa.

Matokeo ya panya siyabezi. Gabapentini hujishika kwenye milango ya kalsiamu ya mishipa ya fahamu. Kalsiamu ikipungua kuingia, ncha za mishipa hiyo hutoa kemikali chache zaidi, zikiwemo zile zinazotanua vijishipa vya damu na kuvujisha maji. Kwa hiyo njia ya kupunguza uvimbe ipo. Lakini diklofenaki inapita kwengine, inazuia mwili usitengeneze prostaglandini, kemikali zinazoleta uvimbe na maumivu, kwa hiyo gabapentini haishiki nafasi yake.

Kuhusu kipimo, tafadhali sana. Ukisoma panya kapewa miligramu 100 kwa kilo, usizidishe kwa kilo za mama. Mtu wa kilo 60 utampa miligramu 6000, na kwa kawaida mtu mzima havukishwi 3600 kwa siku. Kutoka panya kwenda kwa binadamu, kipimo cha kila kilo hugawanywa kwa 6 hivi, na hesabu hiyo ni ya watafiti, si ya nyumbani.

Jambo lililoniuma zaidi ni la shangazi yangu. Alipewa pregabalini, dawa ya jamii moja na gabapentini, na miguu ikamvimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Dawa hizi mbili zinaweza kufanya hivyo kwa watu, hata kama unyayo wa panya ulinywea. Daktari alipompunguzia kipimo, viatu vikaanza kumwingia tena.

Kwa mwenye sukari mimi ningeanza na figo. Gabapentini hutoka mwilini kupitia figo, zikiwa dhaifu hujaa na kumlevya mtu, na diklofenaki nayo huziumiza. Mpeleke akapimwe damu, beba paketi zote za dawa, umwambie daktari anatumia zote mbili na tangu lini. Gabapentini asiikate ghafla.

Kisha rudi hapa unijibu: goti lenyewe ukiligusa lina joto kuliko la pili?