Kuitoa pini iliyogoma kwenye rodi ya gia

Anayeshusha giaboksi ya gari dogo lenye gia za mkono hujiandaa kwa bolti kubwa zinazoishikilia giaboksi kwenye injini, na kwa shafti za magurudumu, na kwa uzito wa giaboksi yenyewe itakapoachia. Mara chache hujiandaa kwa pini moja fupi inayounganisha rodi ya gia, yaani chuma kirefu kinachotoka kwenye mkono wa gia, na shafti inayotoka ndani ya giaboksi. Pini hiyo ndiyo iliyonigharimu siku nzima nikiwa chini ya Honda Civic ya miaka ya 1990 hapa Mwanga, Kigoma, na ninaandika ili fundi mwingine, au mwenye gari anayejitengenezea mwenyewe, asipoteze siku yake kwa kosa nililolifanya mimi.

Gari lilikuwa la mwalimu anayesafiri mara kwa mara kwenda vijijini upande wa Kasulu, na klachi yake ilikuwa imekwisha, nayo haibadilishwi bila kushusha giaboksi. Lilikuja katikati ya msimu wa mvua, huku tope jekundu limekauka tabaka juu ya tabaka chini ya bodi, hata maungio ya rodi ya gia yalionekana kama bonge moja la udongo. Nilikwangua, nikapuliza mafuta ya kulainisha kutu, nikavua mpira wa kinga, nikakisukuma pembeni kile kibanio cha waya kinachoizuia pini isichomoke, kisha nikaanza kupiga. Sikuwa na ponchi, yaani kile chuma cha duara cha kusukumia pini, ya kipimo chake, kwa hiyo nilichukua bolti ya zamani nikaisaga ncha. Hadi adhuhuri pini haikuwa imesogea hata unywele mmoja, na mdomo wake wa chini ulikuwa umeanza kuchanua.

Karibu na gereji yetu anaishi mzee mstaafu wa karakana ya reli ya Tabora. Alinisikia nikipiga tangu asubuhi, akaja, akachuchumaa kando ya gari, akatazama kwa muda bila kusema neno. Kisha akaniambia, “Mwanangu, hebu ishike hiyo rodi uitikise.” Nikaitikisa, ikacheza juu na chini kwa upana wa kidole. “Basi nyundo yako haijaifikia pini bado,” akasema. Akanieleza kwamba meli ya Liemba, iliyoletwa Kigoma vipande vipande na kuunganishwa upya hapa kabla ya kushushwa ziwani mwaka 1915, ilifungwa kwa ribiti, yaani vipande vya chuma kama misumari minene ambavyo ncha zake hupigwa zikatanuka, na kwamba katika kazi ya ribiti hakuna anayepiga peke yake: mmoja hupiga, na mwenzake hukandamiza chuma kizito upande wa pili ili pigo lisikimbie.

Maneno hayo yalinifungua macho, kwa sababu mpaka wakati huo nilikuwa nimeilaumu kutu peke yake. Kutu ipo, lakini pini ya aina hii imebuniwa ing’ang’anie hata ikiwa mpya. Ni kibomba cha chuma cha springi chenye ufa mmoja kwa urefu wake, na kikiwa nje ya tundu huwa kinene kuliko tundu lenyewe; pini ya milimita 8, ambayo ndiyo ya Honda nyingi za wakati ule, huzidi tundu lake kwa nusu milimita au zaidi. Ikipigwa kuingia hujibana, ufa unapungua, na tangu hapo inasukuma kuta za tundu kwa nguvu zake zote. Ili isogee inahitaji pigo kali, fupi na lililonyooka. Rodi inayoning’inia kwenye bushi za mpira hulimeza pigo hilo: unapopiga, rodi inarudi nyuma pamoja na pini, na nguvu ya mkono wako inaishia kwenye mpira.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalolisisitiza ni kuizuia rodi isicheze. Tulitafuta kichwa cha nyundo kubwa ya kilo kadhaa kisicho na mpini, mwenzangu akakikandamiza dhidi ya maungio upande ule ambao pini ingetokea, akikiweka kando kidogo ya tundu ili pini ipate njia. Ukiwa peke yako, unaweza kupachika kipande cha mbao ngumu kati ya maungio na bodi, alimradi mbao isiegemee bomba la breki, bomba la mafuta au waya wowote. Jaribu kuitikisa rodi kwa mkono kabla ya kupiga. Ikiwa bado inacheza, endelea kuipachikia.

Jambo la pili ni ponchi. Iwe nyembamba kuliko tundu kwa kiasi kidogo tu, kwa pini ya milimita 8 iwe kama milimita 7 au 7.5, na uso wake uwe bapa kabisa. Pini ina uwazi katikati, hivyo ponchi iliyochongoka huingia ndani ya uwazi huo na kuitanua pini, ambayo ndiyo kinyume cha unachokitaka. Bolti yangu iliyosagwa ilifanya hivyo hasa. Anza na ponchi fupi, kwa sababu fupi haipindi na haiyumbi. Ndefu itumie pini ikishaanza kutembea. Nyundo iwe na uzito wa kutosha, maana mapigo machache yaliyoshiba husogeza kile ambacho mapigo mia ya nyundo ndogo huishia kukichanua mdomo tu. Vaa miwani ya kinga, kwani chuma kigumu kinapogonga chuma kigumu hurusha vipande. Sihitaji kusema sana kuhusu stendi: gari likae juu ya stendi imara na magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe, kwa sababu jeki peke yake haifai kwa kazi ya kupiga nyundo.

Nafasi nayo ni shida ya peke yake. Maungio hayo yako nyuma ya giaboksi, na bomba la moshi hupita hapo hapo. Wengi hawajui kwamba tundu la pini hubadilika mahali kulingana na gia iliyowekwa: ukipeleka mkono wa gia mbele au nyuma, shafti inaingia au inatoka, na ukiupeleka kushoto au kulia, inazunguka. Mwambie mtu akae kwenye kiti na kubadilisha gia moja baada ya nyingine huku wewe ukitazama kutoka chini, mpaka tundu lielekee mahali ambapo ponchi na nyundo vinapita kwa mstari ulionyooka. Ikibidi, fungua bomba la moshi la mbele. Kazi hiyo inaonekana kuwa ya ziada, lakini nimewaona mafundi wakiikwepa na kisha wakapiga kwa pembe kwa saa mbili, na pigo la pembe hukwamisha pini zaidi.

Mdomo wa pini ukishachanua kama wangu, usiendelee kuupiga ukidhani utapita. Nilichofanya ni kuupunguza kwa tupa ndogo hadi ukalingana na uso wa maungio, kisha tukageuza mwelekeo na kuipiga kutoka juu, ili ule mwisho ulioharibika utangulie kutoka badala ya kulazimishwa kupita ndani ya tundu zima. Tundu limepenya pande zote mbili, kwa hiyo hakuna kinachozuia. Pini ilisogea katika pigo la nne, na sauti ikabadilika kutoka mlio mkali hadi mlio mzito. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba imekubali.

Kuhusu moto, ninatahadharisha. Sentimita chache kutoka kwenye pini kuna sili ya giaboksi, yaani pete inayozuia mafuta yasivuje, ambayo ni ya mpira, na moto wa gesi ukikaa hapo kidogo tu, sili hiyo itavuja baada ya kazi yote. Pia mafuta ya kulainisha kutu uliyoyapuliza huwaka. Kutoboa kwa keekee nako sikupendekezi, kwa kuwa chuma cha springi ni kigumu kuliko biti za kawaida, na biti ikiteleza hula tundu lenyewe.

Na kama pini imekataa kabisa, au hakuna nafasi ya kupiga, ipo njia ambayo siku hizi naifikiria mapema zaidi: iache ilipo. Kwenye Honda hizo rodi hufungwa kwa bolti upande wa mkono wa gia, ndani zaidi chini ya bodi. Ukiifungua bolti hiyo, giaboksi hushuka pamoja na rodi yake, na unaweza kuibeba hadi kwenye benchi, ukaegemeza maungio juu ya chuma kizito na kuipiga pini ukiwa umesimama, kwa mwanga wa mchana. Inabidi kuwa mwangalifu wakati wa kushusha ili rodi isinase mahali ikapinda.

Pini iliyotoka kwa shida usiirudishe. Safisha tundu kwa brashi ya waya, paka grisi kidogo, weka mpya yenye kipimo kile kile. Hapa Kigoma mpya haikupatikana dukani siku ile, na mtu mmoja alishauri tuweke bolti yenye nati. Nilikataa, kwa sababu bolti ya kawaida haijazi tundu. Inacheza, inalitanua tundu likawa yai, na baada ya miezi mkono wa gia unalegea hadi dereva hajui yuko namba ngapi. Tuliagiza pini kutoka Dar es Salaam ikaja na basi, na mwalimu akakubali kusubiri nilipomwonyesha tofauti kwa macho yake.

Ilipofika, niliichongoa kidogo ncha ya kuingilia kwa tupa, nikaipiga ndani huku maungio yameegemezwa vilevile, nikarudisha kibanio cha waya mahali pake juu ya pini, kisha mpira wa kinga. Kabla ya kuwasha injini nilimwomba mwalimu aingie garini akanyage klachi na apitishe gia zote hadi ya kurudi nyuma, mimi nikiwa chini nimeishika rodi kwa vidole. Kila gia iliingia, na pale kwenye pini sikuhisi mchezo wowote.