Niliacha Sigara, Nikahamia Ugoro, Nikajiona Mjanja

Juzi usiku msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, sigara nimeacha mwezi wa tatu huu. Sasa hivi natumia ugoro tu, hauna moshi. Nipe hongera yangu." Nikakaa na simu mkononi. Hongera sikuitoa. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, karibu neno kwa neno, mbele ya mke wangu, tena kwa kujidai.

Mimi ni mtoto wa Urambo, Tabora. Tumbaku ndiyo iliyonilipia ada, siikani. Tukiwa wadogo tulikuwa tunachuma majani alfajiri, umande haujakauka, na ikifika saa nne lazima mmoja wetu atapike huku kichwa kinamzunguka. Tunapewa dawa ya malaria, kesho tena shambani. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba ile ilikuwa nikotini: inayeyuka kwenye umande, inapita kwenye ngozi. Jani lilikuwa linatulewesha hata kabla halijaingia kwenye bani la kukaushia.

Mtu aliyelelewa hivyo ungesema anaijua tumbaku. Wapi! Nimevuta sigara miaka kumi na tano, nikaacha kwa sababu ya kikohozi, nikahamia kwenye kikopo. Kidole gumba na cha shahada, nyuma ya mdomo wa chini, kazi inaendelea. Hakuna harufu kwenye shati, watoto hawakohoi. Nikaanza hata kuwashauri wenzangu.

Kosa letu ni kudhani ubaya wote umo kwenye moto. Moto una ya kwake, sikatai. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na angalau 69 kati yake zinajulikana kuleta saratani. Imo benzini, ile ile ya kwenye petroli. Imo fomaldehaidi, wanayohifadhia maiti. Imo benzopairini, inayojibandika kwenye DNA ya seli za mapafu na kuharibu jeni iliyowekwa kuzuia seli zisizaliane ovyo.

Lakini zipo sumu zisizongoja kiberiti. Nitrosamini za tumbaku hujitengeneza jani linapokaushwa na kuchachuka, yaani mle mle kwenye bani la baba yangu. Kadmiamu, metali yenye sumu, jani linaivuta kutoka udongoni. Poloniamu-210, yenye mionzi, inakuja pia na mbolea za fosfeti. Ukisaga jani, vyote umevisaga humo humo. Na yale magadi tunayosifia kwamba yanafanya ugoro "ushike", kazi yake ni kuifanya nikotini ipenye haraka kwenye ufizi, ndiyo maana kuuacha ni kazi kuliko wanavyokwambia kijiweni. Wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lile la Lyon, Ufaransa, wameiweka tumbaku isiyo na moshi kundi la 1, yaani la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu, pamoja na sigara. Saratani wanazozitaja ni za kinywa, umio na kongosho.

Mimi hayo sikuyasoma kwa hiari. Nilienda kung'oa jino, daktari akainua mdomo wangu wa chini akanyamaza. Kulikuwa na baka jeupe, limekunjamana, pale pale ninapoweka ugoro. Wakakata kinyama kidogo wakapeleka kupima. Wiki mbili za kusubiri nitaziruka. Majibu: siyo saratani, ila seli zimeanza kubadilika, na ukiendelea usitulaumu.

Nikaacha siku hiyo hiyo. Msibani shemeji yangu mmoja akaniita "mzee wa ugoro, tumpe wiki." Watu wakacheka. Sijasahau. Leo ni miaka minne na miezi miwili, baka limefutika, na yeye bado anakohoa kila asubuhi. Simwombei mabaya, nasema tu.

Kwa hiyo mnaoniuliza nilifanyaje: nilitupa kikopo chooni, siyo kwenye droo. Nilimwambia mke wangu ili nione aibu kurudi. Nilitafuna karafuu. Siku tatu za kwanza nilikuwa mkali kama pilipili, nikamwomba msamaha kila mtu mapema. Na nilitupa kikopo, narudia, kwa sababu nyinyi mnakificha. Kupunguza ni kujidanganya, vijana. Kuhama kutoka sigara kwenda ugoro, ugoro kwenda shisha, ni kuhama chumba ndani ya nyumba inayoungua. Mnatafuta pesa, mnajenga, mnataka kuwaona wajukuu. Mtawaona kwa taya lipi?

Na wewe uliyeniandikia: kesho asubuhi simama kwenye kioo penye mwanga, uvute mdomo wa chini mpaka ufizi uonekane. Ukikuta weupe usiofutika kwa kitambaa, au kidonda kilichopitisha wiki mbili, usinitumie picha. Mimi siyo daktari. Ipeleke hospitali hiyo midomo, ukirudi tutaongea habari ya hongera.