Umetundika daluga, unataka ukocha? Mfuatilie Hajime Moriyasu

Msimu ukiisha, simu huanza kuingia kutoka kwa wachezaji niliocheza nao na wengine niliowafundisha wakiwa vijana. "Mwalimu, naacha mpira. Nataka kufundisha. Nianzie wapi?"

Siku hizi huwaambia wamfuatilie Hajime Moriyasu, aliyekabidhiwa timu ya taifa ya Japani mwaka 2018. Vikombe anavyo, lakini sivyo vinavyonivutia. Kinachonivutia ni miaka iliyopita kati ya kustaafu kwake na siku aliyopewa timu yake ya kwanza, kwa sababu hicho ndicho kipande cha njia ambacho huku kwetu kila mtu anataka kukiruka.

Moriyasu alizaliwa 1968, akakulia Nagasaki, na mwaka 1987 akajiunga na Mazda, timu ya kampuni ya magari ambayo baadaye ikawa Sanfrecce Hiroshima. Alicheza kiungo mkabaji. Mashabiki waliokuwa wanajaza viwanja Japani enzi hizo walikwenda kumwona mshambuliaji nyota Kazuyoshi Miura, si yeye. Hata hivyo, Mholanzi Hans Ooft alipochukua timu ya taifa mwaka 1992 alimwita kikosini, na mwaka huohuo Japani ikabeba Kombe la Asia kwa mara ya kwanza. Nami nimecheza namba sita kwenye ligi za mkoa, najua kazi ile: unafunika nafasi aliyoiacha beki wa pembeni, unapanga wenzako kwa sauti, na gazeti halikutaji. Kama wewe ni mchezaji wa aina hiyo, usidhani ukocha ni wa wafungaji mabao. Mechi nzima umekuwa ukiitazama timu yako kutoka katikati. Huo ni mtaji.

Oktoba 1993, Doha. Japani inaongoza 2-1 dhidi ya Iraq, ikishinda inakwenda Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza katika historia yake. Dakika za majeruhi, Iraq wanapiga kona, mpira wavuni, 2-2. Safari ya Marekani, kwenye Kombe la Dunia la 1994, imekufa pale pale, na Moriyasu alikuwa uwanjani. Kila mchezaji wa zamani ana mechi ya namna hii kifuani, hata kama ilichezwa kwenye uwanja wa shule. Nawashauri vijana wangu waiandike: tulikuwa tumesimama wapi, nani alipaswa kumkaba nani, kwa nini mpira ulitoka kuwa kona. Maumivu yakishaandikwa yanageuka somo la mazoezini.

Alistaafu mwishoni mwa 2003 akiwa klabu ya Vegalta Sendai, msimu ambao timu hiyo ilishuka daraja. Mtu mwenye mechi 35 za timu ya taifa angeweza kubisha hodi kwenye klabu kubwa. Alirudi Hiroshima kufundisha vijana. Akawa pia kwenye benchi la ufundi la timu ya taifa ya vijana iliyokwenda Kombe la Dunia la chini ya miaka 20 nchini Kanada mwaka 2007. Akawa msaidizi Hiroshima, kisha msaidizi kwenye klabu ya Albirex Niigata. Ukocha mkuu ulikuja 2012. Hesabu mwenyewe: miaka minane ya kupanga koni, kusoma kwa ajili ya leseni na kumsikiliza mtu mwingine akitoa maamuzi.

Alipofika ndipo alipofanya jambo ambalo ningependa kila kocha mpya alitazame kwa makini. Hiroshima ilikuwa imejengwa na kocha aliyemtangulia, Mihailo Petrović, kwa mfumo wa mabeki watatu, timu inayopenda kumiliki mpira. Moriyasu hakuubomoa ili kuonyesha kwamba bosi mpya amefika. Aliuacha, akakaza ulinzi. Msimu wa kwanza tu, ubingwa, wa kwanza katika historia ya klabu kwenye ligi ya J, ligi kuu ya Japani. Akaongeza 2013 na 2015. Nimeona timu ngapi zikivurugwa wiki ya kwanza kwa sababu mwalimu mpya anataka alama yake ionekane! Ukiikuta timu ina kitu kinachofanya kazi, kilinde.

Desemba 2015, kwenye Kombe la Dunia la Klabu, Hiroshima hiyo iliichapa TP Mazembe ya Lubumbashi 3-0 mjini Osaka. Wengi wetu tulikuwa upande wa Mazembe, timu ya Watanzania Samatta na Ulimwengu, na tuliumia. Bao la tatu lilifungwa na kijana Takuma Asano.

Miaka saba baadaye, Kombe la Dunia la Qatar, Japani iko nyuma 1-0 kwa Ujerumani. Wakati wa mapumziko Moriyasu anamwingiza beki Tomiyasu na kuhamia mabeki watatu, mfumo alioulea Hiroshima. Kisha anaingiza washambuliaji mmoja baada ya mwingine. Ritsu Doan, aliyetoka benchi, anasawazisha. Asano, naye wa akiba, anafunga la pili. Watu waliita bahati. Mimi niliona kocha anayetumia kitu alichokifanyia kazi kwa miaka, na mchezaji anayemjua tangu akiwa kinda.

Mechi iliyofuata alibadilisha kikosi, akafungwa 1-0 na Costa Rica, na lawama zikamwangukia. Siku nne baadaye akaifunga Hispania 2-1, na alieleza kwamba dakika za mwisho aliikumbuka Doha.

Kwa hiyo ukinipigia, nitakuuliza kwanza kama uko tayari kuwa msaidizi. Kama ndiyo, nenda chama cha soka cha wilaya yako uulizie kozi ya mwanzo, usisubiri hadi goti likatae. Tafuta timu ya watoto jirani na kwako, uombe kumsaidia mwalimu wao hata bila posho. Na nunua daftari. Moriyasu huonekana akiandika pembeni ya uwanja mechi ikiendelea, mbele ya kamera za dunia nzima. Nami huandika, na wakati wa mapumziko wachezaji hunisikiliza zaidi ninapowaambia dakika ya ngapi na upande upi, kuliko nikiwaambia tu wajitume.